Masisi na Walikale: Wanaopokea wakimbizi wa vita bila mshahara

Risasi zinaposikika upande wa Nyabiondo ao Pinga, watu hawaulizi kwanza ni shirika gani liko karibu. Wanafunga godoro, wanabeba sufuria, wanamfunga mtoto mgongoni na kushika barabara. Wanafika kijiji kingine usiku ao alfajiri, matope yakiwa mpaka magotini. Mtu wa kwanza wanayemkuta huko, mara nyingi, si mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa wala ofisa wa serikali. Ni mkaaji wa pale pale, ao mkimbizi aliyewatangulia kwa miezi michache, mwenye kaye, kalamu na tochi ya simu. Huyo ndiye anayewaonyesha pa kulala.

Kazi yake haina jina moja. Ndani ya kambi wanamuita mkuu wa bloku, ao mjumbe wa kamati, ao prezida kama ndiye aliyechaguliwa kuongoza wote. Kijijini anaweza kuwa mkuu wa nyumba kumi, mama wa kanisa, ao mjumbe wa afya, wale wanaojulikana kwa jina la RECO. Katika ripoti za mashirika ya kiutu wote wanaitwa wajitoleaji, maana yake hawana mshahara. Wengine hupata mara moja moja kitu kidogo kinachoitwa motisha, siku wanapoitwa kusaidia chanjo ao kuandikisha watu. Wengi hawapati hata hicho.

Na bado bila wao hakuna kambi inayosimama. Shirika likifika wiki tatu baada ya watu kukimbia, linakuta tayari kuna bloku, kuna njia kati ya vibanda, kuna shimo la choo lililochimbwa upande wa chini, na kuna orodha ya majina. Kazi hiyo yote imefanywa na watu ambao wenyewe hawajui watakula nini kesho.

Masisi ni wilaya ya milima, kilomita za mraba 4,734, na sehemu nyingi ziko juu ya mita 2,000. Usiku ni baridi, mvua ni nyingi, na udongo unateleza. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ni malisho ya ng'ombe na mashamba makubwa yenye wenyewe. Kwa hiyo mkimbizi anapotafuta mahali pa kusimamisha kibanda, anasimama kila mara kwenye ardhi ya mtu: parokia, shule, mwenye ng'ombe, ao familia ya kijijini inayolima hapo maharagi. Kabla ya turubai la kwanza kufika, lazima mtu aende kuomba. Anaenda na mkuu wa kijiji, anaongea na mwenye ardhi, anakubaliana naye miti gani isikatwe na ng'ombe wapite wapi. Maneno hayo hayaandikwi popote. Yanashikiliwa na heshima ya yule aliyekwenda kuomba. Siku mwenye ardhi akichoka na kutaka shamba lake, ni yeye tena anayerudishwa kuongea.

Wakati hakuna uwanja, watu wanalala shuleni na makanisani. Hapo kazi inakuwa ngumu kwa namna nyingine. Asubuhi wanafunzi wanataka kuingia darasani, kwa hiyo familia zinatoka na vyombo vyao, zinakaa uani mpaka masomo yaishe, halafu zinarudi. Usiku wa baridi mtu anavunja dawati moja awashe moto. Mwalimu analalamika, wazazi wa kijiji wanakasirika, na mjitoleaji anasimama katikati. Ugomvi wa namna hii ni mdogo kwa macho ya mtu wa mbali, lakini ndio unaofanya wenyeji waanze kusema kwamba wageni wamekaa sana.

Kitu chenye uzito kuliko vyote mikononi mwa mjitoleaji ni ile kaye. Ndani yake kuna jina la mkuu wa familia, kijiji alichotoka, idadi ya watu alionao, watoto walio chini ya miaka 5, mama wajawazito na wanaonyonyesha, wazee, walemavu, na watoto waliofika bila wazazi. Hao wa mwisho wanaandikwa upesi kuliko wote. Mtoto aliyepoteana na mama yake njiani anaweza kuwa amelala bloku ya tatu wakati mama yuko bloku ya kwanza, na mtu anayeweza kujua hivyo ni yule aliyeandika wote wawili.

Kutoka kwenye kaye, habari inapanda. Mkuu wa kijiji anaipeleka kwa mkuu wa grupma, inafika kwa msimamizi wa wilaya, na inafika pia OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayopanga kazi ya misaada. Hapo inaitwa alerte. Shirika fulani linatuma watu kwa pikipiki wahakikishe kama idadi ni ya kweli. Baadaye linakuja kuandikisha upya kwa njia yake, na kila familia inapewa jetoni. Bila jetoni hakuna unga, hakuna maharagi, hakuna mafuta, hakuna pesa ya msaada. Aliyefika siku moja baada ya kuandikisha amefika kwa kuchelewa, hata kama ametembea siku nne.

Hapo ndipo majaribu yanapoanza, na hakuna faida ya kuyaficha. Usiku wa kuamkia siku ya kuandikisha, kambi huongezeka watu. Wenyeji wa kijiji jirani wanakuja kulala katika vibanda vitupu. Familia moja inajigawa mara mbili, baba mlango huu na mama mlango ule. Mkuu fulani anatuma orodha ya ndugu zake. Mwenye bunduki anatuma yake, na huyo hakuna anayemkatalia kwa urahisi. Ndiyo sababu mashirika yalianza kuandikisha ghafla, alfajiri ao usiku, na katika kambi kubwa za kando ya Goma yakaanza kuchukua alama za vidole.

Ni vigumu kumlaumu mwenyeji anayejipenyeza kwenye orodha. Kwake pia chakula kimekwisha, kwa sababu amelisha wageni miezi miwili. Lakini kila jina la uongo linakula sehemu ya jina la kweli, na mjitoleaji anajua nyuso za wote. Akikubali, anaiba. Akikataa, analala kijiji kimoja na yule aliyemkataa. Kuna kamati ambazo zimeshitakiwa kwa kuomba pesa ili kumuandika mtu, na malalamiko ya namna hiyo si mapya wala si ya Masisi peke yake. Ukimpa mtu mamlaka ya kuamua nani atakula, kisha ukamnyima mshahara, usishangae sana siku moja akiuza mamlaka hayo. Linaloshangaza ni kwamba wengi hawauzi.

Kinachowazuia ni kitu rahisi. Wanajulikana. Mkuu wa bloku amechaguliwa na watu wa bloku yake, mara nyingi watu wa kijiji kimoja waliokimbia pamoja, na vita ikitulia watarudi kijiji hicho hicho. Jina lake linarudi naye.

Kwa kanuni, kambi za wakimbizi wa ndani ni jukumu la serikali. Tume ya taifa inayoshughulikia wakimbizi, CNR, ndiyo inayosimamia kambi nyingi kwa jina la serikali, na HCR pamoja na OIM wanasaidia kupanga. Kamati ya wakimbizi wenyewe iko chini ya hao wote: prezida, makamu wake, karani, wakuu wa bloku, kamati ya wanawake, ya vijana, ya usafi, ya malalamiko. Kwenye karatasi ni ngazi ya mwisho. Kwenye matope, saa nane za usiku, ni ngazi ya kwanza na ya pekee, hasa pale ambapo magari ya mashirika yamezuiwa na vita ao na barabara iliyokatika.

Usafi ni kazi ambayo hakuna anayeigombania. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa na mashirika, zile za Sphere, zinataka angalau litre 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu 20. Katika kambi nyingi za Kivu viwango hivyo vimebaki kuwa ndoto. Choo kikijaa, wajitoleaji wanachimba kingine. Mahali pa kuchota maji utaona mtu amesimama tangu asubuhi na ndoo ndogo ya dawa ya klori na bomba la sindano lisilo na ncha. Kila bidoni ya litre 20 inayopita, anaitilia kipimo chake. Kazi hiyo inachosha kwa sababu ni ile ile mara mia, na watu wanalalamika kwamba maji yananuka.

Lakini anayekaa pwani ya ziwa Kivu, upande wa Sake, Kirotshe na Bweremana, anajua sababu. Huko maji ya ziwa ni karibu na ya bure, na kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa. Wazee wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu. Katika mwezi wa kwanza tu walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Bomba la sindano na ndoo ya klori ni vitu vya bei ndogo. Mtu wa kuvishika kila siku, mvua ikinyesha, ndiye anayekosekana.

Kuni nazo zina hesabu yake. Turubai linagawiwa, unga unagawiwa, lakini mara nyingi cha kupikia hakigawiwi. Wanawake na wasichana wanaingia msituni ao kwenye mashamba ya watu, na huko wanakutana na wanaume wenye silaha wa kila upande. Kamati za wanawake zilijifunza kupanga saa za kwenda, kwenda kwa kundi, na kujua njia gani leo haifai. Ulinzi huo ni mdogo. Hakuna mama wa kamati anayeweza kuzuia bunduki.

Anachoweza ni kusikia mapema. Msichana aliyebakwa hatakwenda kwanza kwenye hema lenye bendera ya shirika. Atanyamaza, ao ataongea na mama anayemjua. Mama huyo, kama amefundishwa, anajua hesabu moja kwa moyo: saa 72. Ndani ya saa hizo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinaweza kusaidia, zikipita, zimepita. Kwa hiyo anatafuta pikipiki, anatafuta pesa ya pikipiki, anatafuta shali ya kumfunika msichana ili majirani wasiulize, na anamsindikiza mpaka kituo cha afya. Wakati mwingine kituo kiko mwendo wa nusu siku. Safari hiyo yote haionekani katika hesabu ya mtu yeyote.

Ukivuka kutoka Masisi kuelekea magharibi, milima inashuka na msitu unaanza. Walikale ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini. Barabara ni chache. Kwa miaka mingi, huko Kilambo, ndege ndogo za kubeba madini zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe, watu na pikipiki wakisogea pembeni kwanza. Mfano huo unatosha kuonyesha jinsi gari la msaada linavyofika kwa shida Ntoto, Kibua ao Pinga.

Huko kambi kubwa za kupangwa kwa bloku ni chache. Mkimbizi anaingia nyumbani mwa mtu. Hata katika nchi nzima ni hivyo: mwezi wa Oktoba 2023 OIM ilihesabu wakimbizi wa ndani milioni 6.9 Kongo, na wengi wao hawakuwa kambini, walikuwa kwa familia zilizowapokea. Picha za televisheni zilionyesha vibanda vyeupe vya kando ya Goma kwa sababu ndivyo vilivyoonekana. Nyumba ya miti na udongo yenye vyumba viwili, iliyolala familia tatu, haipigwi picha.

Mapokezi ya Walikale yana adabu yake. Mgeni hapewi maswali mlangoni. Anapewa maji ya kunawa, bugali na sombe kama viko, na mahali karibu na moto. Watoto wanalala pamoja na watoto wa nyumba. Siku ya pili baba mwenye nyumba anampeleka mgeni kwa mkuu wa kijiji aandikwe, ili kusiwe na neno baadaye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huku methali hiyo inafuatwa kwa maana yake halisi: mgeni anapewa jembe na kona ya shamba, ao anaenda kulima kwa watu na kulipwa kwa siku.

Shida ni kwamba methali haikufikiria mgeni wa mwaka mzima. Mihogo iliyopandwa kwa watu sita inaliwa na watu kumi na tano. Mbegu za msimu unaokuja zinaingia sufuriani. Bei ya kazi ya shamba inashuka kwa sababu mikono imekuwa mingi, na mwenyeji maskini aliyekuwa anaishi kwa kulima kwa wengine anakosa kazi sawa na mgeni. Baada ya miezi michache huwezi kujua kwa kuangalia ni nani aliyekimbia na ni nani aliyepokea. Halafu shirika linafika na orodha ya wakimbizi peke yao, na mwenye nyumba anasimama mlangoni kwake akiangalia wageni wake wakienda kuchukua unga.

Si kwamba sheria imemsahau. Mkataba wa Kampala, ambao nchi za Umoja wa Afrika ziliupitisha mwaka 2009 na ukaanza kufanya kazi Desemba 2012, unasema waziwazi kwamba serikali zinapopima mahitaji ya wakimbizi wa ndani zipime pia ya jamii zinazowapokea. Mashirika mengi yenyewe yanakubali, na baadhi hutenga sehemu ya msaada kwa wenyeji. Lakini pesa ikipungua, sehemu ya mwenyeji ndiyo inayokatwa kwanza.

Ujuzi huu wa kupokea haukuletwa na semina. Machi 1993 mauaji yalianzia katika soko la Ntoto, Walikale, yakapanda mpaka Masisi, na watu zaidi ya 200,000 wakahama nyumba zao. Mwaka uliofuata ikaja mafuriko ya wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 2007 na 2008, wakati wa vita ya CNDP, kambi zilijaa kutoka Masisi-kati mpaka Kitchanga, na ile ya Mungote huko Kitchanga ikadumu miaka na miaka. Mwaka 2013 Kitchanga yenyewe iliungua katika mapigano. Januari 2023 ikaanguka mikononi mwa M23, na watu wakakimbia tena, wengine wakijibanza kando ya kituo cha MONUSCO. Katika familia nyingi za huku, bibi alipokelewa, mama akapokea, na sasa binti yuko njiani. Mtu akiuliza kwa nini mama fulani anafungua mlango kwa watu asiowajua, jibu mara nyingi liko katika mwaka fulani ambapo yeye ndiye aliyegonga.

Mwaka 2025 ulivunja vitu vingi kwa mara moja. Masisi-kati ilichukuliwa mwanzo wa Januari. Maelfu ya watu walijazana katika hospitali kuu ya Masisi na katika nyumba za Madaktari Wasio na Mipaka, kwa sababu ndizo kuta walizoziamini. Mwisho wa mwezi huo huo Goma ilianguka, na uwanja wa ndege wa Goma, ambao ulikuwa mlango wa misaada mingi, ukafungwa. Februari kambi za kando ya mji, Bulengo, Lushagala na nyingine, ambamo walikuwa wamejaa watu wa Masisi, zilifungwa kwa amri ya M23, na watu wakaambiwa warudi makwao. Walibomoa vibanda vyao wenyewe, wakapakia miti na maturubai juu ya chukudu, wakapanda.

Tarehe 19 Machi ilikuwa zamu ya Walikale-kati. Mamia ya raia waliingia katika uwanja wa hospitali kujificha. Wapiganaji waliondoka mwanzo wa Aprili, na sehemu ya wakaaji wakaanza kutoka msituni walikokuwa wamelala siku kumi na zaidi, bila chandarua, bila chumvi.

Katika wiki hizo hizo, mbali sana na Masisi, uamuzi mwingine ulikuwa umechukuliwa. Tangu tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai ofisi yake ya misaada, USAID, ikafungwa. Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya pesa ya msaada wa kiutu iliyoingia Kongo ilikuwa imetoka Marekani. Kwa mjitoleaji wa kijijini habari hiyo ilifika kwa namna ndogo ndogo. Motisha haikuja. Klori ikaisha na haikuletwa nyingine. Simu ya shirika ambayo zamani ilipokelewa sasa inalia tu.

Kamati ya kambi iliyofungwa nayo imekwisha. Prezida amekuwa baba wa kawaida tena, wakuu wa bloku wametawanyika, mmoja amerudi Nyabiondo, mwingine amekwama Sake. Hakuna barua ya kuwashukuru wala cheti cha kuonyesha kwamba mtu huyu aliongoza kwa miaka miwili watu wengi kuliko kijiji chake chote. Akitafuta kazi katika shirika, ataulizwa diploma.

Kuna wanaosema ni vizuri iwe hivyo, kwamba ukianza kulipa mapokezi utaua ukarimu, na kila mtu atataka kuwa mkuu wa bloku kwa sababu ya pesa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Nafasi yenye mshahara ingegombaniwa, na wakuu wangeweka ndugu zao. Lakini wanaosema hivyo mara nyingi wao wenyewe wanalipwa kila mwisho wa mwezi kwa kazi ya kambi. Na kuna hatua nyingi kati ya mshahara na bure kabisa: jetoni ya uhakika kwa mjumbe anayekosa kwenda kulima kwa sababu yuko kwenye maji tangu asubuhi, buti, koti la mvua, pesa ya simu na ya pikipiki kwa yule anayesindikiza wagonjwa, karatasi yenye muhuri inayotaja kazi aliyofanya. Na mbegu kwa familia iliyopokea, zifike kabla ya msimu wa kupanda. Zikifika baadaye, zitaliwa.

Wakati huo huo, kazi yenyewe imebadilika sura. Waliorudi Masisi wanakuta nyumba bila mabati, milango imechomwa, na mara nyingine mtu mwingine analima shamba lao. Wanapokelewa tena, mara hii katika kijiji chao wenyewe, na mtu lazima awaandike: nani amerudi, nani bado, nyumba ya nani imesimama, shamba la nani lina mgogoro. Mara nyingi anayefanya hivyo ni yule yule aliyekuwa na kaye kambini.

Katika Masisi, ambako ugomvi wa ardhi umewasha vita zaidi ya moja, kaye hiyo ina thamani ambayo mwandishi wake pengine hakuifikiria. Iliandikwa kwa ajili ya unga na turubai. Lakini inasema kwamba familia fulani, yenye watu wanane, ilifika mwezi fulani ikitoka kijiji fulani, na majirani walioandikwa juu na chini yake walitoka kilima hicho hicho. Mbele ya wazee wanaosikiliza kesi ya shamba, wakati hati ya ardhi haikuwahi kuwepo, ukurasa kama huo unaweza kuwa karatasi pekee mezani. Wasimamizi wa wilaya na mashirika yanayoshughulika na migogoro ya ardhi wangefanya vizuri kuzitafuta kaye hizo sasa na kuzipiga picha, kabla mvua na panya havijazimaliza.